Sikujua, Mheshimiwa

Kuna neno moja ambalo halimo katika kifungu cha 3 cha sheria ya Kenya ya vyakula, dawa na kemikali, ile inayoitwa Sura ya 254. Nimekisoma kifungu hicho mara nyingi kuliko kitabu chochote nilichopangiwa chuoni kabla sijaacha. Nikikieleza kwa maneno yangu, kinasema hivi: mtu yeyote anayeuza chakula chenye sumu au kitu cha kudhuru, au kilichooza, au chenye uchafu na vitu vigeni, au kisichofaa kuliwa na binadamu, au kilichoghushiwa, ana hatia. Basi. Kinaishia hapo. Neno "akijua" halimo.

Halafu rudi nyuma kidogo, mahali sheria inapoeleza maana ya kuuza. Ukidhani kuuza ni mpaka mteja alipe, hujaisoma. Kuweka kitu ili kiuzwe ni kuuza. Kukipanga ili kiuzwe ni kuuza. Pakiti ya unga iliyokaa kwenye rafu tangu Jumatatu, ambayo hakuna hata mmoja aliyeiulizia bei, mbele ya sheria imeshauzwa.

Sasa mweke mwenye duka wa Mikinduri mbele ya maneno hayo. Yeyote yule, simzungumzii mtu fulani. Mikinduri ni soko la Tigania Mashariki, kaunti ya Meru, upande wa milima ya Nyambene. Mazao yanashuka kutoka huko, bidhaa za dukani zinapanda. Duka lenyewe ni kama lile la mtaani kwenu: unga wa mahindi wa pakiti, sukari ya gunia la kilo 50 inayopimwa robo na nusu, mafuta ya kupikia ya mtungi wa lita 20 yanayouzwa kadogo kwa anayekuja na chupa yake, chumvi, majani chai, maziwa. Mwenye duka hakuusaga unga huo. Hakuyakamua maziwa hayo. Kiwanda cha sukari hajawahi kukiona hata kwa picha. Yeye ni mkono wa mwisho kabla ya sufuria ya mteja, na mkono wa mwisho ndio unaoonekana.

Bwana Afya akiingia anaona rafu. Haoni ghala la Nairobi. Anachukua sampuli, inapelekwa kwa mkemia wa serikali, majibu yanarudi, na mwenye duka anajikuta kizimbani. Hapo neno la kwanza linalomtoka mtu ni moja tu: sikujua, mheshimiwa, nilinunua hivyo hivyo. Na sheria, kwa jinsi ilivyoandikwa, inamjibu: hatukukuuliza.

Haikuanza hivyo. Nataka kueleza ilifikaje hapo, na kwa nini mtu anayepinga hukumu kama hiyo katika Mahakama Kuu ya Meru hujikuta akipigania mambo mengine kabisa, wala si lile linalomuuma moyoni.

Tuanze na lugha yenyewe. Ghushi ni neno lenye asili ya Kiarabu, na kiini chake ni udanganyifu: kukionyesha kitu sivyo kilivyo. Waislamu wanaikumbuka hadithi ya Mtume sokoni Madina, alipotia mkono ndani ya lundo la nafaka na vidole vikatoka vimelowa. Akamuuliza mwenye mali. Akajibiwa kwamba ni mvua. Lakini lililofuata halikuwa neno juu ya mvua. Alitaka kujua mbona ile iliyolowa haikuwekwa juu, watu wakaiona. Mvua si kosa la mtu. Kosa lilikuwa kuficha kile ambacho muuzaji alikijua vizuri. Watanzania nao, mnamo mwaka 2010, walilipa umaarufu neno kuchakachua, kwa mafuta ya gari yaliyotiwa mafuta ya taa, kisha kwa kura. Hata hapo, anayechakachua anajua anachofanya. Neno lenyewe lina mkono wa mtu ndani yake.

Sheria ya jinai ilikuwa na fikra hiyo hiyo. Miongo ya kwanza ya ukoloni Kenya ilitumia Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, iliyoletwa huku kwa amri ya Waingereza ya mwaka 1897. Kenya ilipopata Kanuni ya Adhabu yake yenyewe mwaka 1930, kosa la kuuza chakula cha kudhuru lilibaki na sharti lile lile: muuzaji awe alijua kwamba kinadhuru, au awe na sababu ya kuamini hivyo. Sharti hilo bado limo katika Sura ya 63.

Kwa hiyo leo tuna sheria mbili zilizokaa rafu moja. Moja inauliza ulijua nini. Nyingine, ya mwaka 1965, haiulizi. Ukiwa mwendesha mashtaka, utachagua ipi?

Hiyo isiyouliza ina asili yake, na asili hiyo iko mbali na Nyambene. Kwanza kulikuwa na daktari mmoja wa London, Arthur Hill Hassall, na hadubini yake. Kati ya 1851 na 1854 alinunua vyakula madukani, akavichunguza, na jarida la kitabibu la Lancet likachapisha alichokiona pamoja na majina na anwani za maduka. Fikiria hilo kidogo: orodha ya maduka ya mtaa wenu gazetini, na kando ya kila jina, kilichokuwa ndani ya kahawa yake. Mkate ulikuwa na shabu ili uonekane mweupe. Kahawa ilikuwa na mizizi ya chikori. Watu wakashtuka, bunge likaunda kamati, na mambo yakaenda polepole kama yanavyokwenda bungeni.

Kisha ikaja Bradford, mji wa viwanda kaskazini mwa Uingereza, Oktoba 1858. Kisa hiki nitakaa nacho, kwa sababu kila mtu aliyemo unaweza kumkuta Gikomba kesho asubuhi.

Sukari ilikuwa ghali. Mtengeneza peremende aliyeitwa Joseph Neal, kama wenzake wengi, alikuwa akipunguza sukari na kuongeza unga mweupe wa bei nafuu, wa jasi na mawe yaliyosagwa. Haukuwa na faida mwilini, lakini haukuua. Alimtuma mtu kwenye duka la dawa la Charles Hodgson akaulete. Hodgson alikuwa mgonjwa kitandani. Msaidizi wake mgeni, William Goddard, alielekezwa pipa lililokuwa pembeni. Akapima ratili 12 kutoka pipa ambalo silo. Ilikuwa arseniki. Nyeupe vile vile.

Mfanyakazi wa Neal, James Appleton, akachanganya na kupika peremende za mnanaa, na akaugua akiwa kazini. Hakuna aliyeshtuka. Peremende zikauzwa kwa William Hardaker, aliyekuwa na kibanda sokoni. Hardaker aliziona haziko kama siku zote. Alifanya nini? Alifanya kile ambacho mchuuzi yeyote angefanya: aliomba apunguziwe bei, akapunguziwa. Usiku huo akauza ratili tano. Yeye mwenyewe alionja moja akaugua. Watu wapatao 20 walikufa, wengi wao watoto, na zaidi ya 200 wakaugua.

Goddard, Hodgson na Neal walishtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Hakuna aliyefungwa. Wawili waliondolewa mashtaka, na Hodgson akaachiliwa na mahakama. Ukipitia mstari mzima kuanzia pipani hadi kinywani mwa mtoto, kila mmoja ana neno la kweli la kujitetea. Msaidizi alionyeshwa pembeni. Mwenye duka la dawa alikuwa kitandani. Mpishi alipika alicholetewa. Hardaker alinunua hivyo hivyo. Hakuna aliyejua, na watoto wamezikwa.

Kule kupunguziwa bei ndiko kunanisumbua zaidi. Hardaker hakujua kuna arseniki, hiyo ni kweli. Lakini alijua kuna kitu. Kati ya kujua na kutojua kuna nafasi kubwa ambayo biashara yote ya rejareja inaishi humo, na bei ya kutupa ndiyo dalili yake.

Bunge lilitunga sheria mwaka 1860, nayo bado ilidai ithibitishwe kwamba muuzaji alijua. Haikufua dafu. Utathibitishaje kilichomo kichwani mwa muuza maziwa? Mwaka 1875 ikaja nyingine iliyouma kweli: ni marufuku kumuuzia mteja, kwa hasara yake, chakula ambacho si cha asili, kiini na ubora alioutaka. Ukisoma kifungu cha 6 cha sheria yetu ya 1965, utakutana na maneno hayo hayo, yamesafiri karibu miaka 90.

Jinsi sheria hiyo ilivyokuwa kali ilionekana mwaka 1899, katika kesi ya Parker dhidi ya Alder. Mfugaji alipakia maziwa safi kwenye treni, kituo cha mashambani, yakienda London. Njiani mtu asiyejulikana akatia maji. Mkaguzi akachukua sampuli yalipofika. Mahakimu wa kwanza walimwachilia mfugaji, maana ilikuwa wazi hakuwa na lawama yoyote. Mahakama ya juu ikasema hapana, lazima atiwe hatiani. Haikuwa na shaka kwamba hakufanya kitu. Ila bunge lilikuwa limeamua kwamba anayeuza abebe, kwa sababu vinginevyo kila muuzaji atasema ni treni.

Na miaka 75 baadaye, mwaka 1974, mabwana wa House of Lords walikaa kujadili kiwavi mmoja. Alikuwa ndani ya kopo la njegere, kesi ya Smedleys dhidi ya Breed. Kiwanda kilikuwa kimetoa makopo milioni tatu na nusu katika msimu huo na kupata malalamiko manne. Kiwavi alikuwa na rangi na ukubwa wa njegere, na alikuwa amepikwa vizuri kabisa. Angeliwa bila kumdhuru mtu. Faini ilikuwa pauni 25. Kampuni ilipigana hadi mahakama ya juu kabisa na ikashindwa.

Niseme msimamo wangu kabla hujanikisia: naona wako sawa. Sipendi, lakini wako sawa. Mwaka 2004, katika mkoa ule ule wa Mashariki uliokuwa na Meru na Embu ndani yake, mahindi yenye sumukuvu iitwayo aflatoksini yaliua watu 125 kati ya wagonjwa 317 waliorekodiwa, hasa Makueni na Kitui. Watafiti walichukua sampuli 350 za mahindi na bidhaa zake katika masoko ya wilaya nne, na asilimia 55 zilizidi kiwango kilichoruhusiwa wakati huo, sehemu 20 kwa bilioni. Nyingine zilizidi 1,000. Sumu hiyo haina harufu ya kuitegemea, na punje ya mahindi inaweza kuibeba ikionekana nzima. Kila muuzaji katika masoko yale angeweza kuapa kwa dini yake kwamba hakujua, na angekuwa anasema kweli. Na Mei 2014, pombe yenye methanoli ilipoua makumi ya watu katika kaunti kadhaa, Embu ikiwa mojawapo ya zilizoumia sana, waliouza wangeweza kusema hivyo hivyo. Sheria inayosubiri mtu akiri alijua ni sheria ya kuhesabu makaburi.

Lakini Waingereza, walipolifuta neno "akijua", waliweka vitu vingine pembeni. Sehemu hiyo husahauliwa, nayo ndiyo inayomhusu mtu wa Mikinduri.

Cha kwanza ni karatasi. Chini ya sheria ya 1875, mwenye duka aliyeonyesha kwamba alinunua bidhaa kwa hati ya dhamana iliyoandikwa, na akaiuza kama alivyoipokea bila sababu ya kushuku, aliachiliwa. Dhamana ya mdomo haikuhesabiwa. Sasa niambie: duka la rejareja kwenye soko letu lina karatasi gani? Muuzaji wa jumla anapigiwa simu, lori linakuja, mizigo inashushwa, malipo yanakwenda kwa simu. Risiti ikiwepo inasema "unga baleti 10" na haiendi mbali zaidi ya hapo. Ujumbe wa M-Pesa una jina, kiasi na saa, lakini hauna nambari ya bechi. Hata pale sheria inapomwachia mwenye duka mlango wa kutokea, mlango huo una kufuli ya karatasi, na ufunguo ulibaki kwa muuzaji wa jumla. Msomi atasema basi aweke rekodi. Sawa. Aambiwe hivyo na anayejua faida ya pakiti moja ya unga ni shilingi ngapi.

Cha pili ni sampuli. Sheria ile ya Uingereza ilimtaka anayechukua sampuli amwambie muuzaji pale pale kwamba inakwenda kupimwa, na amwombe wagawanye mafungu matatu. Kila fungu linafungwa na kutiwa alama. Moja kwa mkemia, moja linabaki na mkaguzi, na moja anapewa muuzaji. Ukibisha majibu, fungu lililotunzwa linapelekwa kwa wakemia wa idara ya kodi huko Somerset House, London, nao wanaamua. Mantiki yake ni rahisi na nzuri: kama hatukuulizi ulijua nini, angalau tukupe namna ya kubishana kuhusu kilichomo. Ukimnyang'anya mtu utetezi wa nia, kipimo cha maabara kinakuwa kesi yote.

Na maabara zetu? Juni 2018 serikali ilikamata sukari nyingi ya magendo, na waziri wa usalama wa ndani wakati huo, Fred Matiang'i, akatangaza kwamba vipimo vilionyesha zebaki na madini mengine. Watu wakaacha kunywa chai ya sukari. Muda si muda waziri wa viwanda, Adan Mohamed, akasema vipimo vya KEBS havikuona zebaki. Serikali moja, sukari ile ile, majibu mawili. Bunge likaunda kamati, kamati ikaandika ripoti, na Agosti wabunge wakaitupa ripoti hiyo huku kukiwa na madai ya hongo ukumbini. Mpaka leo muulize mtu wa mtaani kama ile sukari ilikuwa na zebaki. Atakujibu kulingana na chama alichopigia kura.

Ikiwa mawaziri wawili walishindwa kukubaliana wakiwa na maabara zote za taifa, mwenye duka mmoja aliyesimama mbele ya hakimu na karatasi ya kurasa mbili kutoka kwa mkemia atabishana kwa kipi? Atahitaji kujua sampuli ilichukuliwa lini, ilifungwa vipi, ilipita mikononi mwa nani, ilipimwa siku ngapi baadaye, na kama ndiyo hiyo hiyo. Katiba ya 2010, kifungu cha 50, inampa haki ya kuelezwa shtaka kwa kina cha kutosha kulijibu, na haki ya kuuona mapema ushahidi utakaotumiwa dhidi yake. Kifungu cha 46 nacho kinampa mteja wake haki ya bidhaa zenye ubora na ulinzi wa afya yake. Vyote viwili ni haki, na vyote viwili viko dukani humo, upande huu na upande ule wa meza.

Tatizo ni kwamba mara nyingi mambo hayafiki huko. Yanaishia kwenye maneno mawili: ni kweli.

Mahakama zetu za chini huandika kumbukumbu zao kwa Kiingereza. Mshtakiwa anasema kwa Kiswahili, au kwa Kimeru kupitia karani, na kinachobaki kwenye faili ni tafsiri. Karani anasoma shtaka. Mtu anaulizwa: ni kweli au si kweli? Anajibu, "Ni kweli, mheshimiwa." Alimaanisha nini? Labda ni kweli duka ni langu. Ni kweli unga ulikutwa kwangu. Ni kweli Bwana Afya alikuja siku hiyo. Kwenye faili inakuwa amekiri kosa. Na kifungu cha 348 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kinasema aliyekiri na kutiwa hatiani kwa kukiri kwake hawezi kukata rufaa dhidi ya hatia. Anaweza kulalamikia adhabu tu, ukubwa wake au uhalali wake.

Hapo ndipo inaingia kesi ambayo ningependa ifundishwe shule za msingi: Adan dhidi ya Jamhuri, ya Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, mwaka 1973. Mahakama hiyo yenyewe ilikufa na jumuiya mwaka 1977, lakini hukumu yake bado inanukuliwa. Ilisema shtaka na kila kiungo chake lazima vielezwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa. Maneno yake yaandikwe, kadiri inavyowezekana, kama alivyoyatamka. Halafu upande wa mashtaka usome maelezo ya yaliyotokea, na mshtakiwa apewe nafasi ya kuyapinga au kuyafafanua. Akisema neno lolote linalotia shaka hatia yake, kukiri kunafutwa na inaandikwa kwamba amekana. Hukumu hizi za rufaa, zote mbili kwa tatu, unaweza kuzisoma bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Bando ndogo inatosha. Utashangaa ni ngapi zinazosimama au kuanguka kwa sababu ya "ni kweli".

Sasa angalia jinsi kosa la chakula linavyoleta mtego wa pekee. Katika wizi, mtu akisema "ni kweli nilichukua, lakini nilidhani ni yangu", hakimu mwangalifu anajua hapo hakuna kukiri. Katika duka, mtu akisema "ni kweli niliuza, lakini sikujua ni mbovu", hakimu mwangalifu huyo huyo anaweza kuona kwamba kukiri kumekamilika, maana kutojua si sehemu ya kosa. Maneno yale yale ya mtu asiye na hatia moyoni yanamfunga. Kwa hiyo anayepinga hukumu hiyo hana faida kubwa ya kurudi juu akisema "sikujua" kwa sauti kubwa zaidi. Anachoweza kuuliza ni kingine: je, maelezo yaliyosomwa siku ile yalitaja unga ulikuwa na nini? Ripoti ya mkemia ilitolewa mahakamani, au ilitajwa tu? Kwa maoni yangu, mtu hawezi kukiri asichoweza kukijua. Mwenye duka anaweza kukiri kwamba aliuza. Hawezi kukiri kwamba unga una sehemu kadhaa za aflatoksini kwa bilioni, kama vile mimi siwezi kukiri kiwango cha sukari katika damu yako. Hilo ni lazima lije na karatasi, na karatasi isomwe, na mtu aielewe.

Ana siku 14 za kukata rufaa tangu hukumu. Siku 14 ni chache kwa mtu anayetafuta nakala ya kesi, wakili, na pesa za wakili, huku duka limefungwa au linauzwa na mtoto wa likizo. Wengi wanalipa faini mchana ule ule na kupanda gari kurudi nyumbani. Siwalaumu. Faini ina kiasi kinachojulikana, rufaa haina.

Anayeamua kwenda, faili yake inafika mbele ya jaji wa Mahakama Kuu. Kesi ya Okeno dhidi ya Jamhuri, ya mwaka 1972, inamtaka jaji huyo asipite juu juu: apime upya ushahidi wote mwenyewe na afikie uamuzi wake, akikumbuka kwamba hakuwaona mashahidi wakisema. Na tuseme anakuta kasoro. Kukiri hakukuwa wazi, au ripoti haikutolewa, au sampuli haijulikani ilikaa wapi kati ya Mikinduri na maabara. Anaifuta hukumu. Kisha linabaki swali la kama kesi ianze upya, na hapo kuna mwongozo wa Fatehali Manji dhidi ya Jamhuri, wa mwaka 1966: kesi hairudiwi ili kuwapa waendesha mashtaka nafasi ya kuziba mapengo waliyoyaacha. Na hata ingerudiwa, ingepimwa nini? Unga wa miezi kumi na minane una fukusi. Maziwa yalishamwagwa siku nyingi. Sampuli yenyewe imekwisha.

Basi mwenye duka anaachiliwa, na faini kama aliilipa anarudishiwa. Hukumu ya jaji inakuwa na kurasa sita au saba, karibu zote kuhusu hati ya mashtaka, lugha na tarehe. Ukizipitia ukitafuta jina la kiwanda, au ghala, au mahali lile gunia lilikotoka, huenda usilikute, kwa sababu hakuna aliyeulizwa. Waliokula unga ule hawakuwa upande wowote wa kesi, na hakuna karatasi itakayowafikia kuwaambia ulikuwa na nini.